Tafsiri ya Kiboko

Kibanda cha video, Igogo. Mabenchi ya mbao,
shilingi mia mbili, watoto wasizidi wanne kwa benchi
(wanazidi).
Kazi yangu ni maikrofoni:
watu wa kwenye katuni wakifumbua midomo
mimi ndiye ninayesema.
Lugha yao siijui. Naangalia nyusi.

Leo ni kiboko.
Mji wa ng'ambo, theluji, ving'ora,
bustani ya wanyama iliyoishiwa kila kitu,
na bwawa lake kavu, bomba la maji limepigwa.
Watoto walicheka alipotokea:
kiboko wa rangi ya waridi, kope ndefu za bibi harusi!
Hapa kwetu kiboko hupindua mitumbwi
na kula mpunga wa watu usiku.
Nikawachekesha zaidi,
nikampa lafudhi ya mjomba wangu wa Magu.

Kisha ngozi ikaanza kupasuka.
Mchoraji hakuwa na haraka. Ufa mmoja,
halafu wa pili, kama tope la mbugani mwezi wa tisa.
Mtunzaji analeta ndoo.
Mtunzaji analeta kikombe.
Mtunzaji anakuja mikono mitupu, anakaa,
anafumbua mdomo
na mimi sina neno.

Limi, binti wa muuza mkaa, ndiye aliyesema:
"Si wampeleke ziwani?"
Na wenzake wote: ziwani! ziwani!
Nikadanganya. "Kesho, bwana mkubwa,
alfajiri, tunakwenda ziwani."
Kiboko akafumba macho.
Wakapiga makofi.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Holo, beseni la dagaa kichwani.
"Mbona unawadanganya?"
Baba yake, Nkwabi, alilisha wanyama kule Saanane,
kisiwa kile, utakiona ukichungulia kati ya mabati.
Mwaka wa vita ndege ilikuja kuutafuta mji
ikakosea. Mabomu yakaangukia kisiwa.
Waliokufa ni swala.
Mji ukamshukuru Mungu, na ulikuwa na haki ya kushukuru.
Nkwabi alirudi jioni na ndoo ile ile ya majani aliyotoka nayo,
imejaa,
akaiweka jikoni, akakataza mtu asiiguse
mpaka ikanuka.

"Hawakuwa na kope ndefu," alisema Mama Holo.
"Hakuna aliyewachora."
Akaenda zake. Jua lilikuwa kali, na dagaa hawangoji.

Majina yakaanza kupanda kwenye kioo,
meupe gizani, maandishi kama vijiti vya kuwashia moto.
Hapa huwa nazima, nabadilisha diski,
nakusanya mia mbili nyingine.
Nikaacha yapande.
Nikavuta maikrofoni karibu.
"Swala wa kwanza," nikasema, "alikuwa bado anatafuna,"
na watoto wakakaza macho kwenye lile giza,
wakimtafuta.