Raba Chini ya Buibui

Nafunga kamba za raba gizani, ukumbini,
nikinyata kama mwizi ndani ya nyumba yangu.
Baba yao karudi sasa hivi kutoka zamu ya bandarini,
kalala na soksi moja.
Lakini Khelef ana masikio ya paka:
"Mama, wenda wapi?"
"Naenda" ilikuwa ya miaka ile.
Siku hizi ni "twaenda".

Salwa namfunga mgongoni kwa leso
iliyoandikwa *Usinione mpole, mwendo ninao*.
Mama mkwe, dirishani:
"Huo upepo wa asubuhi utamwingia mtoto kifuani!"
"Hautamwingia, inshallah," namjibu,
nami nishavuka mtaro.

Nilikuwa mtu wa mbio, mimi.
Kupokezana vijiti, uwanja wa Tononoka, nikikimbia wa mwisho:
mkono nyuma, kiganja wazi,
sigeuki, nasikiliza tu hatua za Zuena zikija.
Kisha ndoa, kisha tumbo, kisha tumbo la pili,
na kiganja hiki kikajifunza kupokea mengine:
ganda la ndizi, kamasi, kiatu kimoja,
matapishi ya saa nane usiku.

Kutoka Ganjoni hadi Mama Ngina
ni dakika kumi na tano kwa mtu aliye peke yake.
Sisi twatumia saa.
Lazima paka wa duka la dawa asalimiwe.
Lazima dimbwi lirushiwe jiwe, na jiwe la pili
kwa sababu la kwanza halikulia vizuri.
Kunguru wawili wagombania kipande cha mkate wa mofa
na hatuondoki mpaka tumjue mshindi.

Ufukweni, vijana wajiinua na kujishusha ukutani, wakihema.
Wanawake watatu watupita mbiombio, mikono ikikata hewa;
mmoja anionyesha dole gumba.
Meli ya makasha yaingia mlango wa Kilindini,
ndefu kuliko mtaa wetu, na Khelef aihesabu:
moja, mbili, nne, ishirini.
Hapo nalisikia jasho la kwanza, shingoni, chini ya mtandio.
Nalipokea kama rafiki niliyemnunia mwaka mzima.

Ng'ambo ya seng'enge ni uwanja wa gofu.
Kwenye nyasi za upande wetu, Khelef achutama.
"Yai!"
Jeupe, gumu, lina vishimo vishimo.
"La ndege gani, Mama?"
Nafungua kinywa kumwambia. Nakifunga.
Alivyolishika kwa mikono miwili, akalipulizia!
"Bado hajamjua mtu," namwambia. "Ndege wa Kizingo."
"Lapoa," asema, na macho yamjaa maji.
"Mimi miguu yangu mifupi. Shika wewe, Mama.
Wewe una kasi. Lipeleke nyumbani."

Kiganja wazi.

Sijui nani aliyeukunja ule mkono ukafika kiunoni,
nani aliyeshika pindo la buibui akalipandisha hadi ndama.
Nakimbia nikirudi, nikizunguka, nikimfuata yeye anayenifuata,
Salwa mgongoni acheka hadi apata kwikwi,
na muuza mihogo auliza, kisu mkononi,
"Mama, kuna nini? Mwakimbia nini?"
Sina pumzi ya kumjibu.
Magoti yalalamika. Maziwa yavuja, yalowesha nguo.
Na ule upepo, mama mkwe, kweli umeingia kifuani,
ila kifua chenyewe ni changu.

Yai sasa liko juu ya kabati la jikoni,
ndani ya ile soksi ya pili ya baba yao.
Kila alfajiri Khelef anivuta ushungi:
"Limeanguliwa?"
"Bado."
Alipapasa, afikiri, akunja uso.
"Lataka joto," asema,
na mwenyewe aniletea raba,
ya kulia kwenye mguu wa kushoto.