Msipepese

Jivraj alifika Kayenze na boksi lake la mbao,
akatupanga kwa urefu, si kwa cheo.
Hapo ndipo mama mkubwa aliponuna;
tazama, bado kanuna.

Baba, mtemi, kakaa kigodani.
Ngozi ya simba begani imeliwa na mende;
palipotoboka kasimamishwa Nkwimba, azibe.

Nyuma yao karani Lugwisha.
Mfuko wake wa kushoto umetuna:
ni gazeti, kalikunja mara nne,
lina habari aliyoisoma alfajiri
ikamkwama kooni.

"Msipepese!"

Ziwani usubi ukapanda kama moshi wa jiko,
mdudu mmoja akatua juu ya mdomo wa baba.
Hakumfukuza.
Mtemi hapigani na mdudu mbele ya watu.

Mimi ndiye ule ukungu miguuni pake.
Niligeuka.

Picha ilikuja masika, utemi umeshafutwa,
neno ikulu limehamia Dar es Salaam,
na kile kigoda mama anakikalia akichambua dagaa.
Bahasha ina bili: shilingi kumi na nane,
kwa Mtemi.

Baba akaigeuza, akamrudishia tarishi.
"Huyu," akasema, "kahama."