Utenzi wa Kofia ya Marehemu

Sitaki wino wa Manga,
nipe kiti na karanga,
kisa changu nitapanga
vile ninavyokumbuka.

Kaskazini Mishigani,
mji wa shaba na kuni,
theluji i dirishani
na pua zikidondoka.

Jumba lilikuwa moja,
la mbao, lenye kioja:
ukicheka, dari huja
chini, na vumbi kushuka.

Tiketi senti kumi tu,
nami, mtoto wa watu,
nauza njugu, viatu
vya kaka vikinitoka.

Picha ilianza vyema:
tajiri Hale kazima
bafuni, kofia njema
kichwani ameiweka.

Polisi wakaja saba,
mkubwa wao kashiba,
akamuuliza, "Baba,
kwa nini umeanguka?"

Maiti asipojibu,
akaandika: "Aibu!
Huyu hanayo adabu,
kimya chake kina shaka."

Ndipo akaja daktari
wa meno, si wa hatari,
Amory, mpenda siri,
na koleo ameshika.

Akanusa mapazia,
paka akamkalia,
kabatini kaingia,
mlango ukafungika.

Alitoka na gauni
limemnasa shingoni,
nasi vumbi la darini
latupaka na twacheka.

Kisha akawakusanya
wakili wa kudanganya,
mpishi wa kuchanganya
na mjane wa kudeka.

Akainua kidole,
tukaziacha kelele:
"Aliyeua ni yule—"
pu! mkanda kukatika.

Picha ikawa na tundu,
likapanuka, jekundu;
Toivo, fundi wa gundu,
ndevu zikawa zawaka.

"Mwisho," akasema, "sina,
umeungua; hakuna
mwingine mpaka, bwana,
treni ya pili kufika."

Hapo ukumbi ukawa
mahakama; tukagawa
hukumu kama kahawa,
kila kona yamwagika.

Wachimbaji wa mgodi
wakataja, bila budi,
wakili, kwani wazidi
kudaiwa kila mwaka.

Mchungaji, kwa huruma,
mjane akamsema,
na mkewe, akihema,
kamtazama kwa shaka.

Ndipo Lempi Koivula,
mshonaji asolala
wa kofia, bila hila,
juu ya benchi kazuka.

"Nyamazeni!" alinena.
"Ile kofia ya bwana,
utepe wake, mwaona,
kulia umefungika.

Kofia ya mwanamume
fundo kushoto likome;
hii, nanyi mnipime,
ni ya kike kwa hakika.

Mjane yake kavaa
tangu taa hadi taa;
mpishi, radi balaa,
kichwa wazi akatoka.

Mwanamke wa akili
hatoki nje, kweli kweli,
bila sababu ya pili:
yake maiti katwika!"

Tulimpa shangwe tele;
Toivo, na ndevu zile
nusu, kapiga kelele,
vumbi lote likashuka.

Wiki mbili, treni yaja
na mkanda wa kungoja;
mji mzima pamoja
ukumbini twafurika.

Amory, kidole juu,
kasema, sauti kuu,
"Ni wakili!" Nasi, "Huu
uongo!" tukaropoka.

Zikarushwa njugu zangu
(hasara ikawa yangu),
na mchungaji, kwa Mungu,
akaapa kwa haraka

kwamba picha imekosa,
hukumu ya Lempi hasa
ndiyo sahihi; na sasa
mpishi ametoroka.

Lempi alitabasamu,
sindano kinywani; hamu
ya sifa haikudumu,
kazini kesho kafika.

Leo nami, mvi tele,
wapitao huku, kule,
natazama fundo lile:
kushoto limefungika?

Na mpishi nikimwona,
mzee, kofia hana,
kwenye theluji, mchana,
sitamtaja; nacheka.