Ujira wa Pishi Ishirini

Bei aliitaja bila kunitazama,
Fundi Khatibu Shaame, pale Wete, nyuma ya soko,
risasi ikiyeyuka kwenye ncha ya pasi yake.
Nikaigeuza kimoyomoyo: ujira wa kuchuma pishi ishirini.
"Kimoja tu," akasema. "Viwili vitakugombanisha na nafsi yako."

Cha kwanza kinene kama tofali.
Ukurasa wa tatu tu, hesabu zishapanda ngazi
na miye niko chini, nimeshika upindo wa kanga.
Cha pili chembamba, kina rangi, kina picha,
kila pahala kimeandika "ni dhahiri kwamba",
na hapo hapo ndipo giza linapoanzia.
Cha tatu hakina jalada. Mchwa wamekula sura ya nne.
Pembezoni, penseli ya mtu aliyekuwa na haraka:
*Kitabu chasema 0.7. Nimepima, nimepata 0.62.*

"Usivisome. Vifungue vyote pahala pamoja."

Nikavifungua kwenye kioo cha mkondo:
transista mbili, pacha, moja ikivuta
na nyengine ikiiga,
kama mtoto nyuma ya mamake anaposali.
Kile kinene kilinipa mlingano, kikanyamaza.
Chembamba kikanipa mshale mwekundu.
Cha mchwa kilisema:
pacha hawa hawafanani kabisa,
mmoja akipata joto, kuiga kunapinda;
hapa tumekadiria, na kosa letu ni kiasi hiki.

Mezani amplifaya ya msikiti ilikuwa ikinguruma
bila ya mtu kusema neno.
Siku ya tatu hiyo fundi anautafuta mngurumo,
kama anayechambua karafuu gizani,
karafuu huku, kikonyo kule, kwa ncha za vidole.
Kisha umeme ukakatika. Mngurumo nao.
Nikaendelea kusoma kwa tochi ya simu
mpaka chaji ikabaki asilimia nne.

Nikachukua kinachokiri.
"Na sura ya nne?"
"Waulize mchwa."

Nyumbani mama alikipima kwa kiganja.
"Pishi ishirini, na hata jalada hakina?"
Akakifungua kichwa chini,
vidole vyake bado vyanuka karafuu,
akakutana na mchoro wa mwisho wa sura ya tatu,
transista mbili zinazotazamana,
mkia wao mmoja.
"Hawa wanagombana," akauliza, "au wanazungumza?"

Sikujua.
Hilo lilikuwa katika sura ya nne.