Mlango wa Kulia

Kajaani, wiki ya mwisho ya Septemba.
Bado siku chache wamwage chumvi barabarani,
chumvi isiyounga mboga wala kukausha samaki,
kazi yake kula bati.
Nimeazima hita kwa shemeji yangu Urpo,
nimeziba ufa wa gereji kwa blanketi la jeshi,
kipimajoto kinasema kumi na saba. Inatosha.
Chini ya hapo dawa haishiki.

Chupa yenyewe ndogo kama ya matone ya macho,
bei yake jozi mbili za viatu vya theluji.
Kijana wa dukani aliniambia: Mzee Veikko,
hii si nta. Nta ni mgeni, hukaa siku tatu.
Hii ni kauri, ikikauka ni kigae,
na chochote utakachoacha chini yake,
unywele, vumbi, kovu,
umekizika hai.
Alisema hivyo akitafuna bazoka.

Basi nikaosha, nikarudia kuosha.
Nikapitisha udongo laini, ule unaong'oa
vitone vya lami na utomvu wa msonobari,
mpaka kiganja kikateleza bila cha kukikwaza.
Nikashika mashine, pedi inazunguka, inanung'unika,
nikafuta miaka kumi na minne ya brashi na barafu:
boneti, paa, buti, mlango wa kushoto.
Mgongo ukasema pumzika. Nikajitia uziwi.

Mlango wa kulia nikauacha wa mwisho.

Nyuma ya mkono wa kufungulia
pana kibonde, kikombe kidogo cha bati,
mashine haiingii. Lazima tochi, lazima goti.
Nikamulika.
Mikwaruzo. Mingi, myembamba, miandamo ya mwezi,
yote imelalia upande mmoja
kama nyasi baada ya mafuriko.

Kucha za Eila.

Kila safari ya soko, ya kuchuma beri,
ya maziko ya dada yake,
ya daktari wa kwanza, ya daktari wa pili,
vidole vinne vikiingia, kucha zikikwangua,
na pete, pale juu, mstari mmoja mnene.
Miaka yote hiyo nikimgombeza:
"Vuta taratibu, Eila, hilo si jokofu."

Sasa yuko ng'ambo ya mto, ghorofa ya pili,
ananiita kwa jina la kaka yake.
Mkono wake wa kulia
umesahau kulia.

Spiriti ilikuwa imeshalowa kwenye kitambaa.
Kidole cha shahada kilikuwa na dawa ya kusugulia.
Dakika tatu tu, na pangekuwa peupe.
Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
hadi hita ikajizima yenyewe
nikalazimika kuinuka, maana digrii zilikuwa zinashuka.

Nikaifuta dawa kidoleni.
Matone mawili kwenye sponji,
mlalo, kisha wima, polepole,
nikasubiri rangi za upinde wa mvua zitoke jasho,
nikahesabu sitini, nikapangusa.
Kijana wa bazoka angetikisa kichwa.

Jumapili nikamleta nje, koti limefungwa mpaka kidevuni.
Gari liling'aa hata muuguzi akajitazama meno.
Manyunyu yalidondoka yakawa shanga, yakabingirika.
Eila hakuliona. Alikuwa anatazama kunguru.
Lakini mkono, bila kuulizwa,
ulijiendea wenyewe kwenye kikombe,
vidole vinne vikazama,
nikasikia kucha: ti, ti, juu ya kigae.

Nilipomfunga mkanda nikarudi na tochi, mvuani,
mtu mzima naona haya kupiga goti mbele ya madirisha.
Ya zamani yote ipo.
Mpya, hakuna.

Tulipofika nyumbani nikamshusha, nikaufunga mlango,
nikauchukua ule mkono, nikaurudisha pale pale.
"Vuta," nikamwambia. "Vuta kwa nguvu, Eila.
Kama jokofu."