Mwenye Nyumba

Miaka kumi na minne tulipanga Umoja.
Bomba likivuja, nilipiga simu:
"Mwenye nyumba, bomba."
Naye akijibu "kesho," nilimlaani kwa amani, nikalala.
Sasa bomba limevuja Komarock, usiku wa manane,
nimeshika simu, natafuta jina,
ndipo nikakumbuka mwenye nyumba ni mimi.

Fundi Kilonzi alikuja, akatazama, akapiga mluzi,
akataja bei ya kujengea nyumba yake mwenyewe.
Akachukua nusu, "ya vifaa,"
akaenda nayo mahali ambapo simu haishiki mtandao.

Nafula akafunga leso kiunoni.
"Kwani fundi alizaliwa na nyundo mkononi?"

Tukashuka Kariobangi.
Mwiko mmoja, pimamaji yenye kiputo ndani ya maji ya kijani,
misumari ya zege iliyofungwa kwenye gazeti,
utepe mweupe wa kuzungushia koki,
na mfuko wa saruji juu ya mkokoteni
wa kijana aliyetuuliza, kwa adabu, fundi yuko wapi.

Jumamosi ya kwanza tulifunga koki.
Ikavuja.
Tukafungua, tukazungusha utepe kwa upande wa pili.
Ikavuja kwa upande wa pili.
Bi Kerubo akachungulia juu ya ua:
"Lakini mmefunga maji ya tangi?"
Hatukuwa tumefunga maji ya tangi.

Wahenga walituambia tuzibe ufa.
Hawakusema tuuzibe kwa nini, wala vipimo:
karai moja la saruji kwa matatu ya mchanga, au manne?
Tuliweka mawili. Ufa umekufa,
ila umeacha uvimbe ukutani
kama goti la mtoto aliyeanguka na baiskeli.
Wageni tunawakalisha mahali wanapoupa mgongo.

Halafu rafu.
Ubao wa saiprasi, nimeupiga randa mwenyewe
hadi shemeji akaugusa, akakosa la kusema.
Nikapima. Kiputo kikatulia katikati.
Nikarudi nyuma hatua tatu: umepinda.
Nikapima tena. Kiputo, katikati.
Nikatazama tena. Umepinda, tena bila haya.

Nafula akapanda kigoda, akaibandika pimamaji kwenye dari.
Kiputo kikakimbilia kona.
Akailaza sakafuni, kikakimbia.
Kizingiti, dirisha, ukingo wa sinki, kote kilikimbia.
Nyumba nzima imeinama kidogo kuelekea mtaroni
kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani.
Kitu kilichonyooka humu ni rafu yangu peke yake,
na ndiyo inayoonekana imepotoka.

"Ing'oe," akasema. "Ifuate dari."
"Nani hujenga kwa kufuata kosa?"
"Anayeishi ndani yake."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na nyundo pia.
Nikachagua nyundo, nikaing'oa rafu,
nikaacha matundu mawili
yatakayongoja lipu ya mwezi wa nane, Mungu akipenda.

Sasa imeinama pamoja na nyumba, na jicho limeridhika.
Sahani zimetulia. Birika limetulia.
Ndimu tu ukiiweka huondoka polepole
kuelekea kona, kama mtu aliyekumbuka jambo.
Tumeweka kisahani pale mwisho, huidaka.

Usiku huu koki imedondosha tone moja.
Nimelisikia. Nimengoja la pili
huku nikihesabu miaka ya mkopo iliyobaki: sita.
La pili limekuja.

Kutoka gizani, sauti ya Nafula:
"Mwenye nyumba."
"Naam."
"Bomba."
"Kesho," nikajibu,
na kwa mara ya kwanza nikamhurumia yule mzee wa Umoja.