Zamu ya Mwalimu Mkuu

Barua ya idara ilikuja na jambia kichwani,
sahihi mkiani, na katikati hesabu:
skuli ya Hail Sidri, watoto arobaini na mmoja,
skuli ya Falaj Mudhir, thelathini na wanane,
kwa hiyo mwalimu mkuu mmoja atatosha,
na naibu, Bi Rayya, ajitayarishe kwa Nizwa.

Hivyo ndivyo tulivyogawiwa Mwalimu Ghaliya.
Jumapili na Jumanne kwetu,
Jumatatu na Jumatano kwao, ng'ambo ya wadi,
Alhamisi nusu kwa nusu,
na nusu yenyewe inaliwa na barabara.

Mamangu, aliyezaliwa Wete akaja kuzeekea huku,
alicheka hadi akashika mbavu:
"Basi mshakuwa wake wenza!
Angalieni tu asile kule
akaja kwenu kulala."

Wanaume hawakucheka. Wao ni mafundi wa kugawa.
Maji ya falaji wameyagawa tangu babu wa babu zao,
mchana kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota,
huyu nusu saa, yule robo,
mjane fungu lake, msikiti fungu lake.
"Lakini maji," alisema Zahran bin Suweid
akikitikisa kikombe cha kahawa, kuwa imetosha,
"maji yakienda shamba la pili
udongo wa kwanza hubaki na unyevu.
Mwalimu akiondoka hubaki nini?"

Mimi karani ndiye nijuaye kinachobaki.
Hubaki miwani ya kusomea,
abaya ya akiba nyuma ya mlango,
simu inayolia, na mzazi anayeambiwa kesho,
na kesho anaambiwa ni zamu ya kule.
Mihuri haibaki. Yote miwili hutembea nayo mkobani,
ndiyo maana cheti cha Azza bint Nabhan
kilipigwa mhuri wa Falaj Mudhir.
Wiki nzima, kwa karatasi,
sisi tulikuwa arobaini, wao thelathini na tisa,
na Azza yuko mbele yangu, mzima,
anakula mkate wa jibini na chipsi za pilipili.

Tumezoea kusikia mafahali wawili, zizi moja.
Mazizi mawili, fahali mmoja,
hilo hatukufunzwa.

Wala simlaumu aliyehesabu. Hesabu yake sahihi.
Mtaa wa juu nyumba saba zina kufuli,
wenyewe wako Maskati, huja Idi
wakawasha viyoyozi, wakachinja, wakaondoka,
na watoto wao wanauliza mbona hapa mtandao mzito.

Kisha Jumanne moja, siku yetu, wadi ikashuka.
Maji ya rangi ya chai yalikata barabara
na Mwalimu Ghaliya akabaki upande wa pili
akipiga simu isiyoshika.
Bi Rayya akapanga mistari ya asubuhi.
Rafiqul mfagizi, mtu wa Sylhet,
akapiga kengele kwa saa ya mkononi mwake,
hakukosea hata dakika.
Mimi nikaingia darasa la nne, hesabu,
kugawanya kwa baki:
arobaini na moja kwa mbili.
"Inabaki moja, mwalimu," wakasema.
"Tuipeleke wapi?"
Aliyetapika akafutwa, mamake akaitwa.
Saa saba na robo kila mtoto alikuwa kwao.

Sasa idara inataka ripoti ya siku ile.
Nikiandika tulimudu,
watatunyang'anya hata hiyo Jumapili.
Nikiandika tulishindwa,
nitakuwa nimemsingizia Rafiqul,
nimemsingizia Bi Rayya katika wiki yake ya mwisho.

Chai ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena.
Mwishowe nikaandika:
Jumanne. Mahudhurio, arobaini na mmoja.
Mvua ilinyesha. Wadi ilishuka.

Mahali pa sahihi nikapaacha wazi.
Mwenyewe aje ajaze,
siku akiwa wetu.